Usinunue seti, nunua kitako

Swali

Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa miaka 29, naishi Morogoro na mke wangu na mdogo wake anayesoma sekondari. Jikoni kwetu mpishi ni mimi, na sipendi kazi nyingine kama hiyo. Mwaka huu tumeanza kutumia jiko la gesi la plati mbili, ila jiko la mkaa bado lipo kwa ajili ya maharage na pilau. Sufuria zangu ni zile nyepesi za tangu chuoni. Kwenye mkaa zilikuwa zinavumilika, lakini kwenye gesi wali unashika chini na mchuzi wa nazi unaungua. Nimeweka akiba shilingi 280,000, na dukani nimeiona seti ya vipande 12, ya rangi ya marumaru, isiyogandisha. Jirani naye ananiambia alumini inaleta maradhi ya kusahau. Niichukue hiyo seti? Kama siyo, ninunue nini, na hizi za zamani nizitupe?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Hiyo seti iache hapo hapo dukani.

Fungua boksi uhesabu. Katika hivyo vipande 12, vifuniko vimehesabiwa, pengine na miiko pia. Zikibaki sufuria tano na kikaango kimoja, umebahatika. Na zote zimepakwa utando uleule, ilhali vyakula vyako kila kimoja kina matakwa yake: maharage yanataka chombo cha kuvumilia saa nyingi, chapati inataka chuma kikavu na moto wa kutosha, mchuzi wa nazi unataka upole. Isitoshe, utando ndicho kitu cha kwanza kuchakaa kwenye chombo chochote. Vikichakaa vyote vitachakaa pamoja, nawe utarudi dukani na laki nyingine tatu.

Tuanze na wali wako, maana ukiuelewa huo, mengine yatanyooka yenyewe. Siku ukishika chini tena, usikimbilie kuloweka sufuria. Pakua wali, kisha tazama ukoko. Utaona duara lililokolea rangi, na katikati yake pamepauka. Hilo ndilo umbo la moto wako. Gesi inatoka kwenye matundu yaliyopangwa mviringo, inapiga palepale kila siku, na kitako chembamba hakina nafasi ya kuusambaza moto huo kabla haujaufikia mchele. Makaa hayakukufanyia hivyo kwa sababu yalitandazwa jiko zima. Kwa hiyo wewe hujapoteza mkono wako wa upishi. Umebadili moto, chombo kikabaki cha moto wa zamani.

Kazi ya kitako ni kuupokea moto pale unapopiga na kuugawa. Yanayoamua ni mawili: kimetengenezwa kwa kitu gani, na kina unene gani. Shaba nyekundu inapitisha joto kuliko vyote, lakini ni ghali na ndani lazima ivishwe madini mengine, kwa hiyo tuiache. Alumini inaifuata. Chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, kinapitisha joto kama sehemu moja ya tano tu ya alumini. Stili isiyoshika kutu inakuja mwisho kabisa: alumini inaishinda kwa takriban mara 15.

Hapo kwenye stili ndipo wengi tunapoliwa fedha. Nilipoanza maisha hapa Tanga nilinunua sufuria ya stili inayong'aa, nyepesi, nzuri kuitazama, nikaipikia pilau la wageni 20. Vitunguu viliungua kabla vyote havijapata rangi, na chini nyama iliganda kana kwamba imechomelewa. Nililia siku ile. Baadaye, nilipoajiriwa kwenye jiko la hoteli, nikakuta wanapikia stili kila siku na haiunguzi, ndipo nikajua kasoro ya ile yangu: lilikuwa bati moja la stili, jembamba, toka mdomoni hadi kitakoni. Sufuria ya stili iliyo nzuri inabandikwa chini sahani nene ya alumini, kisha inafunikwa tena kwa stili. Alumini inagawa joto, stili inagusana na chakula.

Sasa nenda dukani na rula, na sumaku ndogo ukiwa nayo. Usimwache muuzaji akuoneshe ndani; ndani zote zinapendeza. Igeuze kichwa chini. Kama ni stili, tazama ubavu wa kitako: hiyo sahani niliyokwambia inaonekana wazi, imejitokeza, unene wa milimita 5 au zaidi. Usipoiona, irudishe kwenye rafu. Kama ni alumini, tafuta kitako kisichopungua milimita 3, na ubonyeze ubavu kwa kidole gumba. Ukiingia ndani, hiyo ni ndugu ya zile ulizonazo. Halafu lalisha rula juu ya kitako. Uwazi mdogo sana katikati hauna neno, kwa kuwa chuma kinatanuka kikipata moto na kitako kinakaa sawa. Kitako kilichotuna nje ndicho cha kukataa: sufuria itayumba juu ya jiko, na mafuta yatakimbilia pembeni kila unapokaanga.

Shika masikio yake. Yaliyopigwa ribiti au kuchomelewa vizuri yanadumu kuliko yaliyofungwa kwa skrubu moja, ambayo italegea na kuanza kuzunguka mkononi. Fikiria sufuria ikiwa imejaa: lita 5 za maji peke yake ni kilo 5, na hapo hujaongeza uzito wa sufuria. Na kwa kuwa kusonga ugali ni kusukumana na chombo, sikio lazima liwe la kushikika ukiwa na kitambaa.

Mfuniko nao una neno lake kwako, kwa sababu bado una mkaa. Ukipika pilau unapalia, siyo? Mfuniko wa kioo hauwekwi makaa juu, na kirungu cha plastiki kitayeyuka. Chukua mfuniko wa chuma, bapa, wenye ukingo kidogo wa kuyazuia makaa yasidondoke. Kama sufuria uliyoipenda inakuja na mfuniko wa kioo, nunua wa kupalia pembeni.

Ile sumaku ni ya siku za mbele. Kwenye gesi haina kazi. Ila ukija kuhamia jiko la umeme la indaksheni, ni vyombo ambavyo kitako chake kinashika sumaku tu vitakavyopata moto. Stili iliyogongwa namba 18/10, yaani kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 10, kwa kawaida haishiki sumaku yenyewe, kwa hiyo watengenezaji wanaweka stili ya aina nyingine chini kabisa. Na stili hiyo, nzuri kama ilivyo, usiitie chumvi kwenye maji baridi. Chembe zikilala chini zinaitoboa vidoa vidogo visivyotoka. Subiri maji yachemke.

Nije kwa jirani yako. Hilo la maradhi ya kusahau limechunguzwa miaka mingi, na haijathibitishwa kwamba kupikia kwenye alumini ndiko kunakoyaleta. Hofu yangu kuhusu alumini ni nyingine, nayo ni ya kweli. Kuna sufuria zinazosubiwa kwa vyuma chakavu: vipande vya injini, redieta, makopo, chochote kilichoyeyuka. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya watafiti waliopima vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10 zinazoendelea. Walichemsha humo asidi hafifu, ile iliyomo kwenye siki, kwa saa mbili. Vyombo 15 vilitoa mikrogramu 1 au zaidi ya madini ya risasi kwa kila kipimo cha robo lita, na kimoja kilitoa zaidi ya 1,000. Risasi inaathiri ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama.

Nimekwambia utafute unene, na sufuria za kusubu ndizo nene kuliko zote, kwa hiyo hapa uwe macho. Utazitambua kwa uso wenye chembechembe kama uliolazwa mchangani, maana ndivyo zilivyo, na kwa unene usiolingana upande huu na ule. Mara nyingi hazina nembo yoyote. Mafundi wetu nawaheshimu. Jiko langu la mkaa na karai langu la mandazi ni kazi ya mikono yao kwa bati zima, na sibadilishi. Tatizo liko kwenye chakavu, ambacho hata fundi mwenyewe hajui kimebeba nini. Sufuria ya alumini ya kupikia kila siku nunua ile ya bati la kiwandani lililokandamizwa, nene, yenye jina la aliyeitengeneza.

Ukishaifikisha nyumbani, ioshe, ujaze maji, uchemshe kama nusu saa. Ndani itageuka rangi, kijivu au weusi hafifu. Watu wakiona hivyo wanashtuka na kuchukua stilwaya. Usiisugue! Huo ni utando wa alumini yenyewe, unaoizuia isiingie kwenye chakula. Najua tulivyolelewa. Sufuria zilizoanikwa kichanjani ziking'aa kama kioo ndiyo heshima ya nyumba, na mimi pia nilisugua kwa majivu na mchanga mpaka vidole vikachubuka. Nje sugua utakavyo, masizi yatoke. Ndani tumia sifongo laini na sabuni tu. Na mchuzi wa ukwaju, nyanya nyingi au ndimu usiulaze humo hadi asubuhi. Pika, pakua, uhamishie kwenye bakuli.

Chapati. Hapa sina ushauri wa kubembeleza: nunua tawa la chuma, zito, la bei ya kawaida. Chuma hakisambazi joto upesi, lakini kikishalipata kinalishika, na chapati mbichi ikilazwa juu yake hakipoi. Ndiyo maana ya tano inatoka kama ya pili. Likiwa jipya lioshe kwa maji ya moto na sabuni, ulikaushe juu ya moto mpaka unyevu wote uishe, ulipake mafuta ya alizeti kwa kitambaa, kisha uyafute tena mpaka lionekane kama halikupakwa kitu. Liweke motoni litoe moshi kwa dakika kumi hivi, na madirisha yawe wazi. Lipoe. Rudia mara nne au tano. Litakuwa jeusi, laini, na mayai hayatagandia.

Tafadhali mafuta yawe ya alizeti, siyo ya nazi. Wapwani wenzangu tunapenda kupaka nazi kila kitu, lakini ya nazi hayakauki. Ya alizeti yakipata joto yanakauka na kushikana na chuma mithili ya vanishi. Ukilinyima tawa mafuta kwa wiki nzima kwenye unyevu wa masika, litakuonesha kutu; lisugue, upake upya, halijafa. Rosti ya nyanya usiipikie humo, asidi inabandua kile ulichokijenga.

Sasa hiyo rangi ya marumaru iliyokuvutia. Humo hamna jiwe, mwanangu. Mara nyingi ni Teflon ile ile, utando wa kawaida wa vikaango visivyogandisha, yenye madoadoa. Utando huo ulianza kuuzwa kwenye vikaango huko Ufaransa miaka ya 1950, na kwa kazi yake ni mzuri: yai, samaki laini, chapati za maji. Kelele kubwa ilitokana na kemikali ya PFOA iliyotumika viwandani kuutengeneza, ambayo mwaka 2019 iliingizwa kwenye orodha ya kemikali za kuondolewa ya Mkataba wa Stockholm, mkataba wa kimataifa wa kemikali hatari. Kinachokuhusu wewe jikoni ni joto. Ukivuka nyuzi 260 utando unaanza kuharibika, na ukizidi kupata moto unatoa mvuke unaoweza kuua ndege wa tundu na kumwacha mtu na homa. Kikaango kitupu kwenye gesi kubwa kinafika huko kwa dakika chache. Kwenye mkaa ndiyo usithubutu, makaa yaliyokolea yanapita nyuzi 600. Nunua kimoja kidogo cha mayai, ukitumie kwa moto wa wastani na mwiko wa mti, na kikianza kumenyeka ukiage. Seti nzima ya kitu kinachomenyeka ya nini?

Chombo ninachotamani uwe nacho kuliko vyote, na pengine hukukifikiria, ni chungu. Mchuzi wako wa nazi unaungua kwa sababu joto linaufikia kwa pupa. Udongo unapitisha joto polepole mno, na kwa mchuzi huo hiyo ndiyo sifa yake. Tui zito likichemka kwa fujo linakatika, mafuta huku na maji kule. Kwenye chungu linafuka taratibu, na ukizima gesi linaendelea kufuka dakika kadhaa peke yake. Mimi samaki wa nazi sipikii kitu kingine. Kwa bara, vyungu vya wanawake wa Kikisi wa Matema na Ikombe, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ni kazi ya kujivunia. Ukipata mtu anayetoka Kyela, mwagize. Hata sokoni kwenu hutakosa cha kukufaa. Kigonge kwa kifundo cha kidole: kizima kinalia kama kengele ndogo, chenye ufa kinatoa sauti iliyozibwa. Kilichopakwa rangi ya kung'aa ndani usikipikie, maana rangi nyingine zina risasi.

Kikiwa kipya kilaze ndani ya maji usiku kucha. Kesho yake pikia uji mwepesi kwa moto mdogo kama saa nzima, uumwage. Wanga unaziba vitundu. Kwenye gesi weka bapa la chuma kati ya moto na chungu, hata hilo tawa lako linafaa, na uanze na moto wa chini kabisa. Usikimwagie maji baridi kikiwa cha moto. Nimepoteza vyungu vitatu maishani, vyote kwa kosa hilo moja.

Kuhusu maharage, ukiweza kuongeza fedha baadaye, nunua presha kuka. Maji kwenye sufuria ya kawaida hayavuki nyuzi 100, na kwa wenzetu wa Mbeya au Nairobi yanachemka kabla ya hapo, kama nyuzi 94, kwa ajili ya mwinuko. Ndani ya presha kuka yanakaribia nyuzi 120. Maharage uliyoyaloweka usiku yanaiva kwa nusu saa au pungufu, na mkaa wa makande unabaki gunia zima. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama mpira wa mfuniko wa aina hiyo unauzwa peke yake. Mpira ndio unaokufa kwanza, na bila huo una sufuria nzito tu. Hakikisha ina vali ya pili ya usalama, na maharage yasivuke nusu ya chombo, kwa kuwa povu lake linaziba tundu.

Kwa hiyo hiyo akiba yako: kipaumbele cha kwanza, na fungu kubwa kuliko yote, ni sufuria moja ya lita 5 yenye kitako cha kweli. Mkiwa watatu, hiyo itapika wali, ugali, pilau na nyama. Ukipata ya stili yenye ile sahani chini, chukua. Bei ikikushinda, alumini nene ya kiwandani haitakuangusha. Kisha tawa. Kisha chungu, ambacho ndicho rahisi kuliko vyote. Kikaango cha mayai kije mwisho kwa kitakachobaki. Usishangae ukirudi nyumbani na vyombo vinne tu na chenji mfukoni. Hiyo chenji ndiyo mwanzo wa presha kuka.

Zile za chuoni usizitupe. Kitako chembamba kinaunguza kitu kizito kisichojigeuza, lakini maji yanajizungusha yenyewe, ya chini yakipanda na ya juu yakishuka, kwa hiyo hayana pa kuungulia. Chemshia chai ya rangi, mayai, mihogo na maji ya kuoga. Kwa kazi hiyo wembamba wake unakufaa, maana moto unaingia upesi na gesi inaokoka.